Mzee Nzunda Alitaka Kufika Kwenye Migodi

Mjukuu wangu ana simu ambayo ukiiambia unataka kwenda Lusaka inakuchorea mstari wa buluu kutoka Tunduma mpaka huko, na inakwambia utafika saa ngapi. Alinionyesha akicheka. "Bibi, kumbe kazi yako yote ilikuwa hii?" Nikamjibu kwamba mstari ni mzuri, ila haujui nani amekaa ndani ya gari.

Najua wapo vijana kadhaa hapa mpakani mmeanza kazi niliyoiacha, ya kuwapangia safari watu ambao hawajawahi kuvuka. Wengine mmekuja nyumbani kwangu kijijini Mpemba kuniuliza siri yake ni nini. Siri sina. Nina mambo niliyoyaona, mengi ya kuchekesha, na moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka naacha ninachokifanya.

Kazi nilifundishwa na Mzee Silwimba, aliyeendesha malori mpaka macho yakamkataa, kisha akafungua ofisi ya chumba kimoja karibu na stendi. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mchungaji mmoja na wazee wake wa kanisa. Walitaka waione Lusaka, wayaone maporomoko ya Livingstone, wapite Ndola kusalimia, na Jumapili wawe wamerudi madhabahuni. Niliwapangia hivyohivyo walivyotaka. Waliporudi, mchungaji alisimama mlangoni, miguu imevimba mpaka viatu amevishika mkononi, akasema, "Dada Nambeye, Zambia nimeiona. Ina viti vya rangi ya bluu vyenye mistari." Kwa siku zote zile alikuwa ametazama mgongo wa kiti cha mbele yake.

Mzee Silwimba alicheka, halafu akaacha kucheka. "Binti, abiria si gunia la mahindi," aliniambia. "Gunia ukilipakia hapa, Lusaka unalishusha lilelile. Mtu unamshusha mwingine."

Basi nikajifunza. Siku ya kwanza iwe fupi. Mtu akivuka mpaka mara ya kwanza anachoka hata kama hajatembea, kwa sababu ya foleni, maswali, pesa ngeni na sauti za watu asiowaelewa. Mlaze Nakonde, palepale ng'ambo ya mpaka, hata kama bado anaiona Tunduma kwa macho. Atalalamika kwamba unampotezea muda. Mwache alalamike, kesho yake atakushukuru. Usimfikishe mtu mji mgeni giza limeshaingia. Mwambie mapema kwamba saa za wenzetu ziko nyuma ya zetu. Nilikuwa na wateja, mume na mke, waliorudi kwa saa ya kule wakalikosa basi la Mbeya, wakagombana pale stendi mpaka wauza mahindi ya kuchoma wakawaamua. Na katikati ya safari weka siku moja tupu, isiyo na kitu. Wateja wote watataka siku hiyo muifute. Msiifute.

Lingine: nyumba ya ndugu usiipangie saa. Ukiandika kwamba mtu atalala kwa dada yake usiku mmoja, umejidanganya mwenyewe.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku Mzee Yoramu Nzunda alipoingia ofisini kwangu. Mzee Silwimba alikuwa ameshatangulia mbele za haki na ofisi ilikuwa yangu. Mzee Nzunda alikuwa mkulima wa kahawa wa Hasamba, Mbozi, mrefu, shati lake limemzidi kama la kuazima. Aliletwa na binti yake, Tabita, mama wa makamo ambaye hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alisimama nyuma ya baba yake akimshika bega.

Tabita ndiye aliyeeleza. Baba yake alikuwa na saratani ya koo. Hospitali walikuwa wamewaambia wamrudishe nyumbani, wampe uji na wampe anachotaka. Walipomuuliza anataka nini, alisema anataka kwenda kuliona kaburi la baba yake.

Baba yake huyo, Lukasi Nzunda, aliondoka Mbozi kwenda migodini, kule kwenye Ukanda wa Shaba wa Zambia, Yoramu akiwa mtoto mdogo. Baadaye alituma neno mkewe amfuate. Mama akaenda na binti yao mchanga, Damari, na Yoramu akaachwa kwa bibi, kwa makubaliano kwamba atafuatwa. Hakufuatwa. Baba alifia kule, mama akafia kule, na Damari akaolewa Mpika, ambako alikuwa bado yu hai. Yule kaka na dada yake hawakuwa wameonana tangu utotoni. Habari zao zilipita kwa madereva, halafu zikapita kwa wajukuu kwenye simu.

Nilimtazama mzee jinsi anavyomeza mate kwa shida, nikamgeukia Tabita. "Dada yangu, mgonjwa wa namna hii hapangiwi safari."

Mzee akanijibu mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza. "Mama, sikuja kukuuliza kama nitakufa. Hilo nimeshaambiwa. Nimekuja kuuliza tunaondoka lini."

Nilichukua kazi. Nilimpangia safari ya polepole kuliko zote nilizowahi kupanga: kulala Nakonde, kulala Isoka, kisha Mpika kwa dada yake siku mbili, halafu Serenje, halafu Kapiri, na mwisho mji wa migodi alikozikwa baba yake. Gari dogo la kukodi la upande wa pili, kiti cha mbele kikilazwa nyuma, na chupa ya chai ya kutunzia uji wa moto. Na kwa kuwa Tabita alijua Kinyiha na Kiswahili tu, nikasema nitakwenda nao. Mimi ni Mnamwanga, nimezaliwa nikisikia Kibemba sokoni, na Kinyiha nakijua.

Nakonde alilala vizuri. Asubuhi alitaka atembee mwenyewe mpaka kwenye gari, na alipoona wanawake wanapanga vitumbua na samaki wakavu kandokando ya barabara alishangaa. "Kumbe ni kama kwetu," alisema. "Sasa alikuwa anafuata nini?" Tabita akamwambia, "Mshahara, baba." Akatikisa kichwa kama mtu asiyeridhika na jibu.

Baada ya Isoka alianza kutapika. Barabara ilikuwa mbovu, malori yanatutimulia vumbi, na kila shimo lilimwingia tumboni. Tulisimama mara nyingi. Nilimwambia Tabita tunaweza kugeuza. Alimuuliza baba yake, naye akaonyesha kidole mbele, basi.

Mpika tulifika mchana. Damari alikuwa amekaa nje ya nyumba yake juu ya mkeka, bibi mnene, chitenge cha kijani, miwani imefungwa kwa uzi. Alisimama. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alimwendea kaka yake pale kwenye gari, akamshika uso kwa mikono miwili kama mtu anayeangalia embe kama limeiva, halafu akasema kwa Kibemba, "Mwaiseni, ndugu yangu. Karibu." Mzee akamjibu kwa Kinyiha. Hakuna aliyemwelewa mwenzake. Kinyiha cha Damari kilikuwa kimebaki maneno machache ya kitoto: maji, mama, njoo.

Ndipo kazi yangu ikageuka. Nikawa nimekaa kati ya wazee wawili, mmoja huku mmoja kule, nikibeba maneno.

Siku ya kwanza yalikuwa maneno mepesi, ya nani amezaa na nani amekufa. Siku ya pili niliona Damari anatuchelewesha. Nilipotaja gari la kesho, alisema kuna jirani hajaja kusalimu. Nikataja Serenje, akasema ameagiza kuku. Mimi nikacheka moyoni, nikasema ndiyo yaleyale, nyumba ya ndugu haipangiwi saa.

Tulikuwa tumekaa barazani. Tabita alikuwa anampa baba yake uji kwa kijiko, kidogo kidogo. Nikasema tena, kwa upole, kwamba lazima tuondoke kesho yake asubuhi ili mzee afike kaburini akiwa bado na nguvu.

Damari aliinamisha kichwa, akazungumza na mimi kwa sauti ileile ya kawaida, kama anayeomba chumvi. "Mama, kaburi halipo. Tuliweka msalaba wa mti, mchwa wakaula. Nilirudi nikiwa na watoto wangu, nikakuta watu wamejenga nyumba. Hata sikujua nisimame wapi. Usimwambie. Mzuie hapa hapa."

Mzee aliondoa kijiko mdomoni. "Amesema nini?"

Vijana, hakuna aliyenifundisha la kufanya hapo. Ningeweza kusema amesema tule kwanza. Tabita alikuwa ananitazama, Damari ananitazama.

"Baba," nikasema, "dada yako amesema neno ambalo hataki ulisikie. Nikikwambia namvunjia yeye heshima. Nikikuficha nakuvunjia wewe."

"Mimi ndiye niliyekuleta," alisema. "Sema."

Nikamwambia yote, msalaba, mchwa, nyumba za watu. Nilipomaliza Tabita aliweka bakuli chini kwa nguvu mpaka uji ukamwagika.

"Ungemwacha afike!" alinifokea. "Angefika tu, angesimama mahali, ungemwonyesha hata jiwe! Wewe unajua safari hii imemtoa nini?"

Damari alijua kilichotokea bila kutafsiriwa. Alifunika uso na chitenge.

Kuku walikuja wakala ule uji uliomwagika, hakuna aliyewafukuza. Kisha mzee akasema, "Tabita, mwache mama. Mama Nambeye, muulize dada yangu, yeye alimwona akizikwa?"

Nikamuuliza. Damari alisema alimwona, alikuwa msichana, mvua inanyesha, wanaume wa mgodini waliimba. Kifua cha baba yao kilikuwa kimejaa vumbi la chini ya ardhi. Mwishoni alikuwa halali chali, anakaa kitini usiku kucha akivuta pumzi.

"Muulize alikuwa anachekaje."

Damari aliondoa chitenge usoni. Alifikiri. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, kama mtu anayepiga chafya mara mbili, na yeye mwenyewe akashtuka kwa jinsi kilivyotoka. Mzee akaegemea mbele. "Tena," alisema kwa Kiswahili, na lile sikuhitaji kulitafsiri.

Alimuuliza alitembeaje. Bibi yule, na unene wake na miwani yake ya uzi, akainuka, akatembea pale uani akiburuta mguu wa kushoto, kwa sababu jiwe la mgodi liliwahi kumwangukia baba yao. Alikwenda mpaka kwenye mti wa mpapai, akarudi. Mzee alimfuata kwa macho kila hatua.

Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Muulize, alikuwa ananitaja?"

Niliona Damari anachagua kati ya uongo na ukweli, na niliona pia kwamba baada ya yale ya kaburi, uongo ulikuwa umeshamshinda. "Mama ndiye aliyekutaja kila siku," alisema. "Baba, akiwa mzima, hapana. Hakutaka jina lako lisemwe mezani. Akilewa ndipo alikuita. Alikuita jina lako akilia."

Nilitafsiri vilevile.

Mzee Nzunda aliuliza, "Alikuwa anakunywa mara nyingi?"

"Kila akipata mshahara," Damari akajibu. "Na mara nyingine hata asipopata."

"Basi," mzee akasema, "alinitaja mara nyingi."

Akalala kwenye mkeka, akasema amechoka, na kwamba gari lisije kesho. Safari imefika.

Serenje na Kapiri nikazifuta. Tuliendelea kukaa pale Mpika. Kila siku asubuhi mzee aliwekwa barazani, dada yake akaketi kando, na mimi katikati. Aliuliza mambo madogo: baba yao alipenda chakula gani, alimpiga mama yao au hakumpiga, kama alikuwa anajua kuimba. Majibu mengine yalikuwa mabaya. Alimpiga, ndiyo. Mzee aliyachukua yote. Tabita hakuwa ananisemesha ila pale alipohitaji maji ya moto. Sikumlaumu.

Uji ukaanza kukataa kushuka. Kisha maji. Zahanati walikuja wakampa dawa ya maumivu, wakasema hawana zaidi. Alifariki asubuhi moja jua likiwa limeshapanda, Damari amemshika mkono, mimi na Tabita tukiwa jikoni. Neno lake la mwisho silijui. Damari alisema mzee alitamka kitu kwa Kinyiha, na hapakuwa na mtu wa kumweleza.

Kilichofuata nawaeleza kwa sababu ni kazi na mtakutana nacho. Mtu akifia ugenini, msiba unakuja na ubishi. Damari alitaka azikwe Mpika. "Baba tumempoteza huku, mama tumempoteza huku. Niachieni mmoja ninayejua alipo." Tabita alisema mama yake amezikwa Hasamba kando ya kahawa, na nafasi ya pili imeachwa makusudi. Walibishana kwa kutumia mdomo wangu. Nilisema maneno ya Tabita kwa Damari na ya Damari kwa Tabita, na yote mawili yalikuwa ya haki. Mwishowe Damari akasema, "Basi mchukueni. Lakini na mimi nakwenda."

Yeye hakuwa amevuka mpaka tangu abebwe mgongoni. Mwanawe alihangaika kumtafutia hati ya muda ya kusafiria, huku mimi na Tabita tunatafuta vibali vya maiti: cha hospitali, cha polisi, cha afya. Kila ofisi ilitutuma kwa nyingine. Jambo moja niwaambie: pigeni simu mpakani kabla gari halijaondoka, waelezeni mnakuja na nani. Msifike na jeneza wakaanza kushangaa.

Na hapo yote niliyofundishwa na Mzee Silwimba yaligeuka. Damari alikuwa mzee, presha inamsumbua, miguu inavimba. Kwa kanuni yangu ningemlaza Chinsali, ningemlaza Isoka. Lakini marehemu hasubiri. Nilimwambia, "Mama, hatutasimama. Utaumia." Akasema, "Twende." Alikaa kiti cha mbele cha pikapu tuliyoikodi Mpika, amevua viatu, na kila tuliporuka shimo aligeuka nyuma kuangalia kama kamba za jeneza zimeshika.

Nakonde tulifika foleni ya malori imejaa mpaka nje ya mji. Tulipitishwa pembeni. Siku hizi mambo ya nchi zote mbili yanafanyika chini ya paa moja. Zamani ungegonga muhuri huku, utembee, ugonge tena kule. Afisa wa upande wetu alikuwa binti mdogo, wa umri wa mjukuu wangu. Alichukua vibali vya marehemu, akavisoma kwa makini, akatupa pole. Kisha akaichukua hati ya Damari.

"Bibi, ni mara yako ya kwanza kuingia Tanzania?"

Nikamtafsiria. Damari aliegemea kaunta ya yule binti kwa viwiko vyote viwili, miguu imemlemea.

"Mwambie nimechelewa," alisema.

Yule binti alinisubiri nimweleze. Nikamweleza. Akagonga muhuri bila kuuliza tena.

Hasamba watu walikuwa wamejaa tangu barabarani. Wanaume walishusha jeneza, wanawake wakalipokea kwa kilio mpaka ndani. Nilimshika Damari mkono nikamwingiza chumba cha wanawake, akakaa sakafuni kandokando ya jeneza, na mimi nikakaa nyuma yake kama nilivyozoea. Bibi mmoja wa rika lake alimsogelea, akamuuliza kwa Kinyiha kama yeye ndiye yule aliyekwenda na mama yake. Nikamnong'oneza Damari. Akajibu kwa Kibemba kwamba ndiye, nami nikageuza. Yule bibi akaanza kumlilia, anamtaja mama yake kwa jina, anataja nyumba ya bibi yao ilipokuwa, mtoto aliyeachwa mlangoni. Damari akaanza naye, kwa lugha yake, anamwita baba, anamwita kaka. Wanawake wengine wakaingia, wengine wakilia kwa Kinyiha, mmoja aliyeolewa kutoka Momba akalia kwa Kinamwanga.

Nilikuwa bado natafsiri, neno hili huku, neno lile kule, mpaka nilipotazama nikaona hakuna anayenisikiliza. Damari alikuwa ameweka kichwa kwenye bega la yule bibi, na Tabita amewakumbatia wote wawili.

Nikainuka taratibu, nikatoka nje kumtafuta dereva, maana lile gari lilikuwa na njia ndefu ya kurudi Mpika, na hakuna aliyekuwa amempa chakula.